Yaya, Kontere Ilihesabu Zaidi

Yaya Felix, kaka yangu,

Nakuandikia mchana kweupe, nimekaa kizingiti cha nyuma, na mlango wa mbele nimeutia komeo. Ndivyo tunavyoishi siku hizi katika kambi hii ya kiwanda, Panda. Mama yuko sokoni na mihogo yake. Viatu vizito vya askari vikipita barabarani, naacha kuandika mpaka visisikike tena.

Nianze na kinga yako, baiskeli yako ile, maana najua ndiyo ungeulizia. Kinga haipo tena. Usikasirike kabla hujasikia yote.

Unakumbuka siku ulipoleta kile kidude kutoka Lubumbashi ukakifunga kwenye gurudumu la mbele? Kontere. Gurudumu likizunguka, namba zinasogea, na namba zinakuwa kilomita. Ulipanda kinga kandokando yangu, saa mkononi, mimi nakimbia, na mwisho unapiga hesabu kichwani na kunipa mwendo wangu. Nilipokuuliza kama namba hizo si uongo, ulicheka. “Kontere haisemake bongo, Charlotte. Bantu njo banasemaka.” Lakini kila asubuhi, kabla hatujatoka, ulibonyeza tairi kwa kidole gumba, ukapiga pampu, ukabonyeza tena. Mimi nilisimama pale natetemeka kwa baridi, nanung'unika: twende basi.

Halafu ile homa. Siku chache tu, Yaya. Vitanda vilikuwapo, wauguzi walikuwapo, dawa ndiyo ilikuwa imekwisha mji mzima. Mama alibisha hodi nyumba kwa nyumba. Ulinishika mkono ukasema, “Usiache kukimbia. Weye iko na miguu. Itakutoa hapa.” Nililishika neno hilo. Sikuwa na kingine cha kushika.

Baada ya mazishi, rafiki yako Donat alikuja kuichukua kazi yako ya kunipimia mwendo. Kiwandani walikuwa hawajalipwa muda mrefu, akasema afadhali azunguke na mimi kuliko kukaa nyumbani akiangalia watoto wana njaa. Tairi ya mbele ilikuwa imechoka. Mpira wa ndani ulijaa viraka hadi hakukuwa na pa kuweka kingine, na wa kununua haukuonekana popote. Donat akajaza majani makavu na matambara ndani ya tairi, akafunga kwa waya, tukaendelea.

Namba zikawa nzuri. Kila wiki nzuri zaidi. Ninakula bukari ya unga wa mahindi mara moja kwa siku, na bado naongeza mwendo! Kambi nzima ilijua. Donat akampelekea habari bwana mmoja wa riadha kule Lubumbashi, jibu likaja: nije kwenye mchujo, watakaochaguliwa wataenda Kinshasa, na kutoka Kinshasa nani ajuaye. Majirani walileta unga na samaki wakavu wa safari. Mama Odile, yule wa nyumba ya bombani, alinishonea kaptula kutoka kwenye shuka lake jema. Mama akaanza tena kuimba akiosha vyombo. Nilikuwa sijamsikia tangu uondoke.

Siku moja Donat akasema tukajaribu barabara kubwa ya Lubumbashi, ina mashimo lakini ni ndefu na imenyooka. Kandokando yake bado yapo yale mawe ya zamani ya kilomita. Tukaanzia kwenye jiwe moja. Nikakimbia mpaka nikamsikia Donat nyuma yangu: “Kilomita!” Nikainua macho nitafute jiwe la pili. Halikuwapo. Lilikuwa kule mbele, jeupe kwenye majani, bado kuna safari kulifikia. Tukarudia kutoka jiwe hilo hadi linalofuata. Tena vilevile.

Donat alichuchumaa akaangalia gurudumu. Yale majani yalikuwa yameshindiliwa, tairi imelala chini ya uzito wake. Gurudumu limekuwa dogo, kwa hiyo linazunguka mara nyingi zaidi kwenye njia ileile. Na kila alipopinda kukwepa shimo, huku mimi napita moja kwa moja, kontere ilihesabu na hayo mapindo, ikanipa mimi. Nilikuwa nimepewa mwendo ambao miguu yangu haijawahi kuukimbia. Unga wa watu. Kaptula ya Mama Odile. Mama anaimba.

Na kitu kibaya kuliko vyote, nilichoogopa hata kumwambia Donat: je, na wewe? Yale uliyoniambia ukiwa hai, nayo yalikuwa hewa tu?

Donat alisema, “Nyamaza. Bantu ya kambi basijue.” Tukageuza.

Nilikuwa mbele, nakimbia polepole, askari walipotoka kwenye vichaka. Siku hizi anayekimbia ni mwizi, au ameona kitu. “Unakimbia nini? Umeiba nini?” Nikawaonyesha viatu vyangu, nikasema mimi ni mwanariadha. Mmoja akacheka. “Kimbia basi, tuone.” Akainua bunduki.

Nilikimbia, Yaya. Nilisubiri mlio mgongoni. Sikuangalia jiwe, sikuangalia mashimo, mkojo ulinitoka na sikusimama. Haukuja mlio. Nilijitupa nyuma ya kichuguu, nikamngoja Donat, na alipotokea alikuwa anatembea kwa miguu, mdomo umevimba, mikono mitupu. Akasema tu, “Banaibeba,” kinga yako wameichukua. Tukarudi nyumbani.

Nilitaka kuacha. Lakini kuacha kungetaka maneno, na maneno sikuwa nayo. Basi nikapanda lori juu ya magunia ya makaa, na kwenye kila kizuizi niliinamisha kichwa hadi tukaingia Lubumbashi.

Uwanja wao umechorwa mistari, na umepimwa. Mwishoni walisimama majaji watatu, kila mmoja na saa yake. Wanalinganisha zote tatu na kuchukua ile ya katikati, ili kidole cha mtu mmoja kisiharibu. Nilipoona hivyo nilitapika nyuma ya ukuta. Wasichana wengine walidhani ni njaa.

Nimekuwa wa tatu, Yaya. Wawili ndio walichukuliwa.

Jaji aliponisomea mwendo wangu nilimwomba arudie. Ulikuwa mbali kabisa na namba za Donat. Ulikuwa karibu na ule wa mwisho ulionipa wewe, juma lile kabla ya homa. Karibu sana. Nilikaa chini kwenye mchanga nikalia, wakadhani nalilia nafasi. Hukunidanganya, wewe na pampu yako. Tangu uondoke sijaongeza kitu. Lakini kwa njaa hii, na woga huu, sijapungua.

Kurudi kambini niliogopa karibu kama kule barabarani. Nilimkuta Mama Odile bombani nikamweleza yote kabla hajaniuliza: tairi, mawe, namba. Akatua ndoo yake. Kisha akasema, “Wa tatu? Na hii bukari ya mara moja?” Akageuka kwa wale wanawake wengine wenye ndoo akawaambia kwa sauti, “Charlotte iko wa tatu Lubumbashi!” Mama yeye alinikalisha chini. Alinipapasa magoti na miguu, mmoja kisha mwingine, kama ulivyokuwa unatazama mbuzi sokoni, akahakikisha kwamba vyote vimerudi.

Sijakimbia tangu siku ya mchujo. Sitakuficha. Nikifunga kamba za viatu naisikia ile sauti, “Kimbia basi, tuone,” na vidole vinakufa ganzi. Donat ameazima utepe wa kupimia kwa fundi mmoja wa nyumba, ameuzunguka nao uwanja wa mpira wa parokia, ameupima mara mbili. Ana saa yako, ambayo askari hawakuiona. Anasema atangoja hadi nitakapokuwa tayari, na kwamba watoto wawili wa kike wa kambi wameanza kuzunguka pale wakiniulizia.

Nitaenda, Yaya. Labda Jumatatu, baada ya misa ya asubuhi, watu wakiwa wengi njiani. Nitakwenda na hofu yangu, maana haitaki kubaki nyumbani. Na siku nitakayosimama tena mbele ya wale majaji, nitakuja kaburini kwako nikuambie namba yenyewe, nzuri au mbaya, wewe kwanza kabla ya mtu yeyote. Hiyo nakuahidi.

Lala vizuri, Yaya wangu.

Mudogo wako,
Charlotte