Ukuta wa Mbao Nyuma ya Chumba cha Rayon

Papa Balume,

Ni mimi Esperance, ule uliyemufundisha kupiga picha za mifupa hapa hospitali ya Mapendo. Siku nane baada ya kukuzika nilikalia kiti chako. Majeruhi hawakungoja nimalize kulia.

Mashine ni nzima. Ila bomu lilianguka uwanjani. Halikuua mutu, asante Mungu, lakini lilibomoa ukuta wa nyuma wa chumba cha rayon, yaani eksirei, ule munene wa matofali. Fundi aliziba tundu kwa mbao. Siku ileile wakimbizi kutoka Rutshuru wakajaza uwanja wa hospitali. Asubuhi nilizunguka nyuma, nikakuta kina mama wameegemea zile mbao, wananyonyesha. Palepale, Papa, tunapoelekeza mashine tukipiga picha za kifua.

Nikakusikia: "Rayon haina harufu, haina joto. Haipigi hodi." Nikakumbuka siku yangu ya kwanza ya kazi, uliponionyesha mikono yako. Kucha zimepasuka, ngozi imekauka kama ganda la muhogo. Miaka mingi uliwashikilia watoto mbele ya mashine mikono mitupu, kwa sababu wakati ule hakuna aliyekuambia kwamba ni hatari. Dokta hakuweza kuapa kwamba ugonjwa wa damu uliokuchukua ulitoka huko. Wewe pia hukuapa. Ulisema tu, "Mimi nilijifunza kwa mwili. Wewe jifunza kwa masikio."

Nikazima mashine.

Haikupita hata dakika kumi, komanda mumoja akaingia na askari wake wamebeba kijana mwenye risasi kifuani. "Ni mudogo wangu! Piga picha!"

"Sipigi, komanda, mpaka watu walio nyuma watoke."

Akapiga kelele. Hata dokta alisema, "Esperance, piga tu. Picha moja ni kidogo sana."

"Ni kidogo, dokta. Lakini foleni ya majeruhi imefika getini, na wale wanashinda pale kila siku, pamoja na watoto."

Nikamushika komanda mukono, mimi Esperance, nikamuzungusha hadi nyuma ya mbao. "Hawa ndio nitawapiga rayon pamoja na mudogo wako."

Mama mumoja akaniuliza kwa Kinyarwanda kama tunawafukuza tena. Pale ndipo nilipokaribia kulia... Mutu amekimbia vita mpaka Goma, na mimi nakuja na sheria zangu. Nikamujibu, "Hapana, mama. Hakuna anayewafukuza. Tunawapeleka kanisani, kuna paa, mvua haiingii." Komanda akainama, akabeba sufuria zao. Askari wakabeba watoto. Tulihama haraka kuliko nilivyofikiri.

Nikapiga picha. Risasi ilikuwa imekwama karibu ya moyo, lakini haikuugusa. Dokta aliitoa. Yule kijana sasa anatembea.

Baadaye wanaume wa wale wakimbizi walijenga ukuta mupya, wa mawe ya volkeno, munene kuliko ule wa zamani. Walikataa kusaidiwa na fundi. Kisha akaja mukaguzi kutoka Kinshasa na kamashine kake ka kupima rayon. Alikaweka nyuma ya ukuta, mimi nikabonyeza. Hakakuona kitu zaidi ya kile kalichoona getini, ambako rayon haifiki. Akauliza nani alinifundisha. Nikataja jina lako, akaliandika kwenye raporo ya ukaguzi. Wewe hukuwahi kufika Kinshasa, Papa. Jina lako limefika.

Na nina neno lingine. Niko na mimba. Nilitaka kuificha, niliogopa kutolewa kazini. Lakini asubuhi ileile nilipojua nilienda kwa dokta, nikamwambia wazi, na hakunitoa. Sasa nafundisha. Mwanafunzi wangu ni Mama Furaha, muuguzi aliyekimbia kutoka Bunagana. Nakaa upande wa pili wa kioo cha risasi, yale madini yanayozuia rayon, namutazama. Ulipenda kucheka juu ya neno lile: risasi moja inatoboa watu, nyingine inawakinga.

Jana alisahau kuvaa tabliye, ile aproni nzito ya risasi. Nikagonga kioo mpaka wagonjwa wakaruka kwenye benchi. "Huyo aliyekufundisha alikuwa mukali hivi?" akaniuliza.

"Mukali zaidi," nikasema, na kwa mara ya kwanza nilikutaja bila machozi.

Nakuahidi hivi, Papa: hakuna atakayeingia chumba kile bila mimi kumueleza kinachotoka ndani ya mashine, awe mufagizi, awe komanda. Pumzika. Ningeandika zaidi, lakini wameleta mutoto aliyevunjika mukono, na Mama Furaha ananiita.

Wako,
Esperance