Bunduki ya Mtu

Kwako Bibi Muhsina wa ukurasa wa ushauri,

Pokea salamu zangu kutoka Matrah, huku Oman. Gazeti lenu hunifikia kwa mikono ya mabaharia likiwa limeshapitwa na wiki tatu, na wakati mwengine limeshafungiwa kitu, lakini nalisoma lote mpaka matangazo ya vifo, na ukurasa wako nauacha mwisho makusudi ili niwe na cha kutazamia. Leo nakuandikia mimi, na nakuomba usinicheke, maana shida hii nikiitaja hapa watu ama hucheka ama hunitazama kwa jicho la wasiwasi. Natafuta duka la bunduki, Bibi, na pahala pa kulenga shabaha, na vyote viwili nimevikosa katika nchi ambayo kila mwanamume mwenye ndevu anatembea na bunduki begani.

Usije ukanidhania mtu wa fujo. Nimezaliwa Unguja, umri wangu miaka thelathini na nne, na kazi yangu ni kumwandikia barua tajiri mmoja wa nguo. Kule kwetu tulikuwa na klabu ndogo ya shabaha nje ya mji, makarani na walimu watupu, tunakwenda Jumapili asubuhi, tunalala kifudifudi juu ya jamvi na kupiga karatasi zenye duara. Marehemu babangu, Aflah, ndiye aliyenipeleka nikiwa na miaka kumi na tano, na tangu siku ile tukilala ubavu kwa ubavu kila Jumapili, yeye na bunduki yake na mimi na yangu, hatusemezani mpaka risasi zimalizike, kisha tunakunywa chai na kuhesabu matundu kwenye karatasi zetu. Ubaoni paliandikwa sheria kwa rangi nyekundu, kwamba ni marufuku kushika bunduki ya mwenzio, na babangu alikuwa mkali kwa sheria hiyo hata siku moja nilipotaka kumpangusia yake vumbi alinitoa mkono. Mwaka wa sitini na nne bunduki zote mbili zilichukuliwa, sisi tukakimbilia hapo Mombasa, na mwaka uliofuata babangu akafia katika chumba cha kupanga, na tangu hapo sijapata mtu wa kunyamaza naye.

Nimekuja huku mwisho wa mwaka wa sitini na sita kwa sababu ndiko kwao babu yangu Yaarub, aliyetoka Bawshar akiwa kijana, akaoa Unguja, akarudi kwao mara moja tu kutazama ndugu, kisha akafia Unguja. Binamu yake babangu, ambaye namwita Ammi Amur, ndiye aliyenidhamini hata nikapewa ruhusa ya kuingia. Alinipokea vizuri, siwezi kumsingizia, ila yeye anakaa Bawshar kwenye mitende yake na mimi nimepanga chumba Matrah juu ya ghala la ndimu kavu, na kutoka huku mpaka kule ni lori na kisha punda, kwa hiyo tunaonana kwa sikukuu tu. Kiarabu changu ni cha chuoni, cha kusomea Kurani, nikifungua mdomo sokoni watu wananisikiliza kwa adabu halafu wananiita Mzinjibari, na kule Unguja mwisho mwisho tulikuwa tukiitwa Waarabu, kwa hiyo nadhani unanielewa. Mtu ninayezungumza naye Kiswahili ni mmoja, Mahfoudh, anayeuza nyuzi na vifungo, naye ana wake na watoto na hawezi kukaa na mimi kila siku.

Basi nikajiambia, nikipata bunduki yangu na pahala pa kulala kifudifudi hata saa moja kwa wiki, nitakuwa mtu tena. Nikaenda kwa fundi mmoja sokoni anayetengeneza matako ya bunduki na ala za majambia, akaniuliza nani anayenijua, nikamtajia tajiri wangu, akatikisa kichwa na kuendelea kupiga tupa. Nikaenda duka la pili, bunduki zimepangwa ukutani kumi na moja nimezihesabu, kila ninayoonesha naambiwa ina mwenyewe. Nikasikia milio nyuma ya jabali la Sidab, nikaenda kwa miguu jua likiwa kali, nikakuta wanaume wanapiga mikebe, wakanisalimia, wakanipa kahawa na tende, wakaniuliza habari zangu zote, na hakuna aliyefyatua tena mpaka nilipoondoka, nikaisikia milio imeanza upya nimeshafika njiani. Nikaenda mpaka kwenye kambi ya askari, maana wao wana uwanja hasa wenye alama za umbali, mlinzi akaniomba barua, na barua sina.

Sasa nikueleze kisa kilichonifanya nikuandikie. Idi iliyopita nilikwenda Bawshar, na baada ya sala wanaume wakatoka nje ya mitende, wakasimamisha mfupa wa bega la ngamia juu ya jiwe, mbali, mweupe, na kila mmoja akawa anapiga kwa zamu na wengine wanaimba. Mimi ndiye niliyekuwa mikono mitupu. Mzee mmoja akamuuliza Ammi Amur kama Mzinjibari anajua kushika, wakacheka, na mimi damu ikanipanda. Ammi Amur akaondoka, akaingia nyumbani, akakawia, akarudi na bunduki nyengine mbali na ile yake aliyokuwa nayo begani, ya zamani sana, imeviringishwa kanga kuukuu iliyopauka, iliyojaa mafuta, akaifungua pole pole na kunipa mbele ya watu wote. Nikaona anataka kunikopesha kikongwe kile ili nichekwe zaidi, na pia nikamkumbuka babangu na ubao wake. Nikaweka mikono nyuma nikamwambia kwa Kiarabu changu:

"Sipigi bunduki ya mtu, Ammi. Nitanunua yangu."

Akanitazama, akasema, "Ya mtu?" Mimi nikageuka nikaenda kukaa peke yangu kwenye ukuta wa mfereji, naye akaiviringisha tena kanga yake na kuirejesha ndani. Tangu siku hiyo nimemwandikia barua mbili, hajibu. Mahfoudh anasema nimemvunjia heshima na Idi ya mfungo tatu nisipoonekana Bawshar ndiyo nimejitoa katika ukoo mwenyewe, lakini nitasimamaje tena pale mikono mitupu? Nikinunua bunduki na kujizoeza pahala nisipojulikana nitakwenda na uso. Nisipopata, kuna meli ya kurudi Mombasa mara baada ya Idi, na mwenye tiketi ananisubiri nimpe jibu. Wewe una wasomaji kila bandari, Bibi, labda yuko anayejua duka la Maskati linalomuuzia mtu bila kumuuliza ukoo, na uwanja ambao mtu hulipa, akapiga, akaenda zake. Nisaidie, maana nimechoka kula peke yangu.

Ni mimi Harub, Matrah. Jina la ukoo nakuomba uliache.

Jibu la Bibi Muhsina

Mwanangu Harub,

Sikukucheka. Nimeisoma barua yako mara mbili, na ya pili niliivua miwani kuifuta. Ulipofika penye chai na kuhesabu matundu nilikuonea huruma kweli kweli, kwa kuwa na sisi huku Mombasa tunao wengi waliokuja na mikono mitupu kama yako, na wengi wamelala katika vyumba vya kupanga kama babako, Mungu amrehemu. Huruma yangu inaishia hapo. Sasa nakugomba.

Mimi bunduki naijua ya kwenye picha. Lakini kanga naijua, na kanga yako ndiyo iliyonikosesha raha. Wewe umeiona, umeiandika, na umeipita hivi hivi. Kanga imefikaje Bawshar, Harub? Wanawake wa huko hawavai kanga. Nani katika ukoo huo aliyetoka Unguja mara moja kwenda kutazama ndugu, akarudi zake? Umeniandikia mwenyewe kwa mkono wako, halafu unaniuliza mimi maduka.

Nilitaka kuwa na hakika, nikavaa buibui langu nikaenda Kibokoni kwa muuza halua mmoja aliyezaliwa upande huo wa Oman, mzee mkorofi asiyependa kuulizwa, nikanunua ratili mbili nisizozihitaji ili azungumze. Akaniambia kwao mtu akisafiri kuja pwani hii humwachia ndugu yake bunduki, na ndugu hapigi nayo hata risasi moja. Kazi yake ni kuipaka mafuta. Akifa humwachia mwanawe pamoja na ile kazi ya mafuta. Ni amana, na haitolewi ndani ila kwa mwenyewe au kwa damu ya mwenyewe, na hutolewa mbele ya watu ili wote washuhudie kuwa imefika. Nikamuuliza, na huyo aliyetolewa akiikataa? Akaacha kukata halua. Akasema hajapata kusikia mtu aliyeikataa.

Basi wewe umeikataa. Siapi kuwa ni ya babu yako, sikuwepo, lakini mzee mwenye bunduki yake begani anapoingia ndani na kukawia, akatoka na nyengine iliyofungwa kanga ya Unguja, sidhani kama alikwenda kukutafutia ya kukufanya uchekwe na watu. Alikwenda kuwanyamazisha. Aliyeuliza kama unajua kushika alikuwa anajibiwa, na wewe ukaweka mikono nyuma.

Wala sikulaumu kwa ule ubao wa rangi nyekundu. Babako alikufundisha adabu ya klabu, na adabu hiyo ilikuwa sawa pale pale klabuni, kati ya makarani wenye bunduki zao walizozinunua. Hakukufundisha ya Bawshar kwa sababu na yeye hakuzaliwa huko, na pengine babu hakuwahi kumwambia. Hayo si makosa ya mtu. Kosa lako ni kununa. Ulikaa kwenye ukuta wa mfereji ukisubiri waje kukubembeleza, na barua zako mbili nina hakika ulimwandikia salamu na hali ya hewa, hukumwandikia hilo moja alilokuwa analingoja. Usinibishie, nimesoma barua za wanaume miaka tisa.

Na huo uwanja unaoutaka, wa kulipa ukapiga ukaenda zako, hata ningeujua nisingekutajia. Wewe hujalenga shabaha peke yako maisha yako yote. Miaka kumi na tano na zaidi ulikuwa na mtu ubavuni. Ukiupata uwanja wako ukalala pale kifudifudi kimya, upande wa pili wa jamvi utakuwa mtupu, na utarudi juu ya ndimu zako mgonjwa zaidi kuliko ulivyokwenda.

Sikiliza utakavyofanya. Mwenye tiketi mwambie atafute msafiri mwengine, leo, kabla hujamaliza kusoma safu hii. Kisha nenda kwa yule fundi wa matako, maana yeye alikuuliza swali la haki na wewe ukamjibu kwa jina la tajiri wa nguo. Safari hii mwambie wewe ni mwana wa Aflah bin Yaarub wa Bawshar, unataka risasi za bunduki ya babu yako, ya zamani, na umueleze ilivyo. Bunduki usinunue. Risasi atakuuzia, na akikupa kahawa kaa uinywe mpaka iishe, usitoke mbio.

Bawshar usiingojee Idi. Nenda siku ya kawaida wakati wapo kwenye mitende, na Mahfoudh mwache na nyuzi zake, usimchukue wa kukusemea. Kiarabu cha chuoni kinatosha kwa maneno machache. Usiende na hotuba ya kuomba radhi ukamchosha mzee. Mbusu mkono, kaa, kunywa atakachokupa, halafu mwombe akutolee ile iliyofungwa kanga na akufundishe kuipaka mafuta. Akikawia kunyanyuka, subiri, na yeye amekusubiri zaidi. Ukipewa, ipokee kwa mikono miwili. Usiipige siku hiyo. Tazama tu chini ya tako kama hapana jina lililochongwa, kwa kuwa muuza halua wangu anasema lazima lipo.

Idi ya mfungo tatu simama kwenye zamu yako na kikongwe chako. Ukiukosa ule mfupa wa ngamia watacheka, na wewe ucheke, wanachekana wenyewe kwa wenyewe kila mwaka. Risasi ya kwanza mpe Ammi Amur aipige yeye, maana maisha yake yote ameilinda bunduki hiyo asijue hata inaelekea wapi. Kisha kaa karibu naye, ubavu kwa ubavu, na ukiona hasemi usiogope. Kunyamaza na mtu ndiko ulikokuwa unakutafuta madukani.

Jina la ukoo nimeliacha kama ulivyoniomba, ila la babu nimelichapisha kwa makusudi, ili liwe wazi mbele ya wasomaji kama bunduki ilivyowekwa wazi mbele ya watu. Ammi Amur alikuuliza swali, "Ya mtu?", na wewe ukageuka ukaenda zako. Nenda kamjibu.