Usimpige Tabita, Mpige Picha

Mbozi, 9 Juni 1954

Mwanangu Ezron,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi tu wazima, buni zimeiva vizuri, na mama yako angali anachuma, ingawa sasa huchuma kwa kupapasa. Natumaini wewe, mkeo Jenista na watoto hamjambo huko Mufulira.

Picha uliyompa jirani yetu Boazi ailete kwa lori lake imefika. Nakupongeza kwa kununua kamera. Sasa jifunze kuitumia. Mika amesimama wima kama askari, lakini hana kichwa. Tabita ana kichwa, lakini ni ukungu mtupu, kwa sababu alikuwa akikimbia. Kivuli chako mwenyewe kimelala juu ya miguu yao. Katika darasa langu kazi hiyo ingerudiwa.

Nasema hivi kwa sababu moja. Mama yako ana mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Mganga wa misheni amesema mwanga uliosalia hautafika mwakani. Wajukuu hawa hajapata kuwaona, na huyo mdogo amepewa jina lake. Yeye hucheka tu. Husema, "Mtoto wa jicho amekaa mlangoni, anamzuia mtoto wa Ezron asiingie." Mimi sicheki. Rudia.

Baba yako,
Yonathani


Mufulira, 18 Julai 1954

Baba mpendwa,

Shikamoo, na mama shikamoo yake. Sisi tunaendelea vyema, isipokuwa Mika alikohoa. Sasa amepata nafuu.

Nimeyapokea masahihisho. Likizo yangu ya mgodini ni mwakani, kwa hiyo najua kwamba kamera hii ndiyo miguu yangu ya kuja kwenu. Nimejifunza kulishikilia sanduku lake tumboni na kuzuia pumzi ninapobonyeza. Vichwa sasa vinabaki.

Tatizo ni Tabita. Nikiishika kamera tu, anajificha nyuma ya mama yake. Katika picha hii utamwona Mika mzima na, nyuma ya kitenge cha Jenista, jicho moja. Mtoto ni mkaidi, baba. Boazi anasema kamrithi bibi yake.

Mwanao,
Ezron


Mbozi, 15 Agosti 1954

Mwanangu Ezron,

Tumemshukuru Mungu kwa nafuu ya Mika. Huku asubuhi ni baridi kali, lakini afya zetu ni njema.

Nilimsomea mama yako barua yako. Akauliza unamwambia nini mtoto unapomwita. Mimi sikujua, bali Boazi, aliyekuwa hapa akinywa uji, alijua. Alisema unasimama mbele ya mtoto na kutamka, "Tabita, simama hapo nikupige!" Akaongeza kwamba nyumbani kwenu watoto husema Kibemba na mama yao, na wewe Kiswahili hukitoa ukikasirika tu.

Ezron, kitenzi "kupiga" kisipofuatwa na "picha" ni kichapo. Hata kikifuatwa, mtoto hangoji sentensi iishe. Tabita si mkaidi, amesikiliza vizuri.

Nilimweleza mama yako kosa hilo. Akasema, "Na hicho Kiswahili cha fimbo alifundishwa na nani?" Nikaendelea na uji wangu.

Fanya hivi. Mwite kwa lugha ya mama yake. Usimsimamishe, mwache afanye la kwake. Uchuchumae, macho yako yawe sawa na yake. Hilo la kuchuchumaa ni la mama yako, nami naliunga mkono. Jua liwe ubavuni, tusikione tena kivuli chako.

Baba yako,
Yonathani


Mufulira, 24 Oktoba 1954

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sisi sote tu wazima, na joto la huku ni la kuivisha mkate.

Nimezimaliza filamu mbili kwa watoto hawa: wakioga, wakila mahindi ya kuchoma, wakigombania kopo. Nyingi ni mbaya, lakini kila moja ni afadhali kuliko iliyoitangulia. Jioni moja nilichuchumaa uani mpaka Tabita akanisahau. Kisha nikasema taratibu kwa Kibemba, "Isa kuno, mayo," yaani njoo hapa, mama. Akaja akicheka, amebeba gunzi mgongoni kama mtoto wake. Nikabonyeza.

Sasa ananifuata kila mahali akiniita baba kwa Kibemba, "Tata, nipige! Tata, nipige!" Majirani wananitazama vibaya.

Kosa moja limebaki. Jua lilikuwa limeniangukia mgongoni, na kivuli changu kimeingia pembeni. Filamu imekwisha na Boazi anaondoka kesho, kwa hiyo naileta kama ilivyo. Je, mama bado anaona?

Mwanao,
Ezron


Mbozi, 19 Desemba 1954

Mwanangu Ezron,

Natumaini barua hii itawakuta salama. Najua umengoja, labda ukiwaza mabaya.

Picha ilifika pamoja na mvua. Kila siku mawingu, na ndani ya nyumba giza. Mama yako alikataa kuitazama. Alisema mwanga alio nao ni kidogo, hataumwaga ovyo. Akaiweka ndani ya Biblia yangu. Nikamwambia kwamba macho hayatatungoja.

Jumanne jua lilitoka. Alikaa penye kichanja cha kuanikia buni, akaisogeza picha mpaka ikagusa kope.

"Mguu wa kushoto anaukanyaga kwa ndani," akasema, "kama mimi."

Wewe hukuandika hivyo, wala mimi nilikuwa sijauona mguu huo. Nilipotazama, ni kweli.

Kisha kidole chake kikaenda pembeni. Akauliza cheusi kile ni nini. Nikamjibu kwamba ni kosa. Ni kivuli chako, nami nilikuwa nimekukataza. Akakifuata kwa kidole kutoka kofia mpaka chini.

"Amechuchumaa," akasema. "Basi nimewaona wote wawili."

Mwanangu, kazi zako nimezisahihisha tangu ulipoanza kushika kalamu. Hapo pembeni nimepaacha kama palivyo.

Baba yako,
Yonathani