Rehema Hakuleta Virusi

Usa River, Arusha
Jumapili, baada ya misa

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute umekaa barazani na goti lako limetulia. Je, ile dawa ya kuchua niliyompa kondakta wa basi ilifika, au ameshajichua yeye? Mama kifua kinaendeleaje? Na mtama, ndege wamewaachia chochote mwaka huu? Mimi kwa mwili ni mzima. Huku ni baridi, mlima hatujauona wiki ya pili, nguo hazikauki, na mwanao siku hizi analala na soksi kama Mzungu. Chakula nakula. Mama Anaeli, mwenye duka ninakofanya kazi, akipika loshoro, yale mahindi yao ya maziwa mgando, hunitengea bakuli langu. Kwa hiyo mwili usikutie wasiwasi.

Baba, katika barua yangu ya mwezi uliopita nilikuandikia uongo. Nilikwambia kazi za wateja zimepotea kwa sababu mwenzangu Rehema aliingiza virusi kwenye kompyuta, na kwamba amefukuzwa. Ukanijibu nijihadhari na marafiki wa namna hiyo. Ukasema barua uliisoma mbele ya Baba Mdogo na majirani, na wote wakasema kweli Veronika ana akili. Nilipofika hapo nilishindwa kuendelea kusoma, nikaikunja barua yako. Rehema hakuleta virusi. Kazi zilipotea kwa uzembe wangu, na yeye akafukuzwa kwa sababu ya mdomo wangu. Hii nayo naomba uwasomee watu walewale. Najua utaona aibu, na nisamehe kwa hilo pia.

Nikueleze ilivyokuwa, ujue mahali pa kunikemea.

Duka letu ni la kupiga chapa. Mama Anaeli alikuwa katibu muhtasi serikalini. Walipopunguzwa kazi alichukua kiinua mgongo chake akanunua kompyuta mbili na printa, akafungua hapa karibu na Makumira, kwa kuwa wanafunzi wa chuo lazima wapigiwe chapa tasnifu zao. Mimi nilikaa kwenye kompyuta kubwa, ambamo kazi zote zilihifadhiwa, na Rehema kwenye ndogo. Rehema ni wa Lemara, kwao hasa ni Kondoa. Ndiye aliyenipokea nilipokuwa sijui hata kushika mausi, naikimbiza mpaka inaanguka mezani, naye anaiokota bila kunicheka.

Kila siku saa saba mchana, wateja wakienda kula, mimi nilibaki nanakili kazi za siku kwenye flopi, vile vibao vya plastiki vya kuhifadhia kazi, moja baada ya nyingine. Nikimaliza naandika kwenye daftari la Mama Anaeli, "Nakala imechukuliwa," natia sahihi. Yule ni mama wa ofisi za zamani, kisichoandikwa kwake hakikufanyika. Flopi zilikaa kwenye kopo la biskuti kabatini. Kazi ile ilinichosha, Baba. Wenzangu wanakula, mimi nasikiliza flopi ikikoroma.

Ndipo nikasoma kwenye kitabu cha ile kompyuta kwamba ndani yake kuna mahali pa kupangia kazi. Unaandika kazi gani, siku zipi na saa ngapi, na saa hiyo ikifika mashine inaifanya yenyewe hata kama hupo. Nikapanga hivi: kila siku saa saba mchana kompyuta ya Rehema ichote kazi zote kutoka kwangu, kwa waya unaoziunganisha, izitunze kwake. Siku ile nilijiona profesa. Niliwaita wote waje waone.

"Una hakika itakumbuka?" Mama Anaeli akauliza.

"Mama, hii haisahau kama sisi binadamu," nikamjibu.

Akaniruhusu kuachana na flopi. Za zamani tukazifuta, tukawapa wateja wabebee kazi zao.

Sasa sikia kosa lenyewe. Kompyuta inahesabu saa za Kizungu. Saa saba yetu ya mchana kwake ni 1:00. Hilo ninalijua tangu shule ya msingi. Kila siku niliiona 1:00 pale pembeni mwa kioo nikasema saa saba hiyo, njaa inauma, wala sikuhisi kuwa ninageuza. Lakini siku ile kichwa kilikuwa kimejaa sifa. Mdomo ulisema saa saba na kidole kikaandika saba. Kompyuta ikaichukua kuwa saba ya asubuhi kwa hesabu yake, yaani saa moja yetu. Sisi duka tunafungua saa mbili. Saa moja asubuhi mashine zote zimezimwa kwenye swichi kubwa, zimefunikwa vitambaa vya kufuma vya Mama Anaeli. Kila siku saa ya kazi ilipita zikiwa zimezimwa, na zilipowashwa hazikusema kitu.

Na mimi je? Kila siku saa saba nilikwenda kula, nikirudi nafungua daftari, naandika, "Nakala imechukuliwa," natia sahihi. Miezi miwili na siku kadhaa. Sikuangalia hata mara moja kama kuna kitu kimeingia. Wewe umekaa stesheni ujana wako wote, na hata mvua ya mawe ikinyesha hukuandika treni imepita mpaka umeona kwa macho yako taa ya behewa la mwisho. Mama alikuwa akinung'unika ugali unapoa. Mimi mwanao niliandika treni imepita huku nakula chipsi.

Siku ya balaa umeme ulikatika saa kumi, ukarudi kwa nguvu kupita kiasi. Kompyuta yangu ikalia mara moja, ikatoa harufu ya kuungua, ikazima. Ya Rehema ilipona, kwa sababu alikuwa ameizima akaenda kuswali alasiri. Kesho yake fundi akaja kutoka Sakina, akaifungua, akatega sikio.

"Dada, diski imekufa," akasema. "Hapa sina cha kukudanganya."

Mchungaji Loishiye alikuwepo. Huyu ni mtu mzima, Mwarusha wa upande wa magharibi wa mlima, anayesoma pale chuoni. Tasnifu yake ilikuwa juu ya sala wanazoimba bibi za kwao, akina koko kama anavyowaita, za kuombea mvua na mifugo na wajawazito. Alikuwa amezunguka boma kwa boma kuzikusanya. Mimi ndiye niliyemwambia aache kuhangaika na makaratasi. Akawa anakaa kando yangu anasema, nami ninapiga moja kwa moja.

"Mchungaji, usiwe na wasiwasi," nikamwambia. "Nakala ipo." Nilisema kwa sauti, ili na fundi asikie.

Nikakaa kwenye kompyuta ya Rehema, wote wamesimama. Nikafungua. Hamna kitu. Nikafungua pale pa kupangia kazi nikaona 7:00 AM, na chini yake kwamba kazi haijawahi kufanyika hata mara moja. Nikafunga haraka.

"Vipi?" akauliza Mama Anaeli.

Mdomo ukajibu kabla sijafikiri. "Virusi, Mama. Vimekula kila kitu."

"Virusi vimetoka wapi?"

Hapo sikusema jina la mtu, Baba. Hilo ndilo nililokuwa najifariji nalo usiku. Nilichofanya ni kutazama droo ya Rehema. Humo kulikuwa na flopi ya mchezo wa karata, aliyopewa na kaka yake, na flopi za nje tulikuwa tumekatazwa. Ule mchezo mimi mwenyewe niliucheza, tena mara nyingi kuliko yeye. Mama Anaeli akaifungua droo akaiona.

"Rehema, mwanangu, nimewakataza mara ngapi?"

"Mama, hii haina virusi," Rehema akasema, na akanitazama mimi.

Nikageukia ukutani nikaanza kupanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Akaambiwa akusanye vitu vyake aende. Sikugeuka mpaka niliposikia mlango.

Nikakuandikia ile barua wiki hiyohiyo, nadhani ili uongo wangu upate shahidi. Na kweli uliupata, ukawa wewe.

Mchungaji akarudi kwa akina koko kuanza upya. Alipokuja dukani alitueleza, wala hakuwa analalamika, kwamba bibi aliyempa sala ya mtoto asiyenyonya amemkuta ameshazikwa, na mabinti zake wanaikumbuka nusu. Nikamwambia pole kama mpita njia. Siku mbili baadaye ndipo lilipofika jibu lako la kunisifu. Nilijidharau kiasi kwamba sikuweza kunywa hata chai.

Jumatatu nilimkuta Mama Anaeli peke yake nikamwambia yote. Hakupandisha sauti. Alileta daftari, akakaa, akafunua ukurasa wa kwanza wa miezi ile.

"Hii sahihi ya nani?"

"Yangu, Mama."

"Na hii?"

"Yangu."

Alikwenda hivyo ukurasa kwa ukurasa hadi mwisho, akiniuliza kila moja, nami nikijibu kila moja. Nikamuuliza kama nikusanye vitu vyangu.

"Nikikufukuza utapumzika," akasema. "Hapana. Utakaa. Tasnifu ya Mchungaji utaipiga upya baada ya saa za kazi. Na leo nenda Lemara. Mimi nitakwenda kesho kumwomba radhi, lakini wewe utangulie."

Mchungaji nilimkuta njiani nikamweleza hapohapo kabla ujasiri haujaniisha. Akavua kofia akaivaa tena. "Binti, mimi kompyuta hata sikuijua," akasema. "Nilikuamini wewe." Kisha akaniuliza kesho tuanze saa ngapi.

Lemara nilifika saa kumi na moja. Mama yake Rehema akaniitikia shikamoo vizuri kabisa, akanikaribisha ndani, akaniwekea chai na vitumbua, maana alidhani nimekuja kumpa pole mwanawe. Nilitamani angenimwagia ile chai. Rehema alikuwa anapiga pasi sare za wadogo zake. Sikuketi. Nilimweleza nikiwa nimesimama, kuanzia saba niliyoiandika mpaka jicho nililolitupa kwenye droo yake. Alinisikiliza akiendelea na kazi, akamaliza shati, akalikunja.

"Nilijua," akasema. "Nilikuwa nyuma ya kiti chako. Niliiona ile 7:00 AM kabla hujafunga."

"Sasa mbona hukusema, Rehema?"

"Ningesema mimi, ingekuwa najitetea. Ilikuwa ya kusema wewe." Akaisimamisha pasi. "Vero, vitu vyangu pale dukani vilikuwa vitatu. Kikombe, kanga na mswala. Unakumbuka nilivyokusanya? Nilikaa navyo karibu nusu saa. Nilikuwa nakupa muda."

Nilikuwa sijaligundua hilo, Baba, kwa sababu nilikuwa nimetazama ukutani.

Mama Anaeli alikwenda kesho yake kama alivyosema, akamsihi arudi. Rehema alimshukuru kwa adabu, akasema hatarudi. Meza yake ipo vilevile, na kompyuta yake ndiyo ninayofanyia kazi sasa.

Nisalimie Mama, umwambie mikono yake naibusu. Nisalimie Baba Mdogo na mkewe, na shangazi wa Bahi akija kwa mavuno. Dada Agnesi mwambie nguo ya ubatizo wa mtoto nitaituma mwezi ujao. Katekista naye msalimie, na aniweke kwenye sala zake bila kuuliza ni kwa nini.

Ni mimi binti yako, nisiye na la kujitetea,

Veronika