Ufunguo Kwenye Pindo la Kitenge

Mama yangu uliyelala Muyinga,

Leo fundi wa kompyuta amekuja hapa dukani, mtaani Yoba. Anasema programu yetu ya kuchora nakshi ina toleo jipya lisilohitaji ufunguo. "Tupa hiyo kitu, patronne," ndivyo anavyoniita, bosi. Nikamwambia amalize chai yake aende.

Unakumbuka nilivyokueleza? Kompyuta tatu zimeungwa kwa waya. Ufunguo mmoja, mdogo kama kidole cha mtoto, unachomekwa kwenye ya kwanza; zile mbili zinauliza kupitia waya kama upo. Ukichomolewa, zote zinagoma. Waliouza programu wanaogopa tutaigawa bure. Ukacheka. Tangu siku hiyo, kila jioni uliuchomoa ukaufunga kwenye pindo la kitenge chako, mafundo mawili.

"Mama, huo si ufunguo wa sanduku."

"Inafungua?"

"Inafungua."

"Bon. Iko ufunguo."

Kisha dada akajifungua kule Muyinga. Ukaondoka Jumanne kwenda kumlea, na ufunguo kiunoni. Mimi huku nina wafanyakazi watatu, shela kumi na nane za harusi ya Jumamosi, na hakuna hata ua moja lililochorwa. Nikakupigia. Nilikwambia duka hili nimelijenga peke yangu, nawe unalibomoa kwa fundo la kitenge. Mtu hamwambii mama yake hivyo. Ukasema tu, "Nautuma na gari la kesho."

Niliupokea stendi ungali ndani ya fundo. Dereva akanieleza: gari linaondoka, fundo limekaza, ukaazima mkasi kwa fundi cherehani ukakata pindo. Kile kitenge cha Idi, Mama! "Maman yako amesema ikifika umpigie," akaniambia.

Sikupiga. Kwanza nilikuwa na hasira, halafu nikawa na kazi. Shela zote ziliisha Ijumaa. Jumapili dada akanipigia yeye: hukuamka.

Hesabu hazinishindi, unajua. Hii nimeirudia miaka yote: Jumatano hadi Jumapili, siku nne, simu ya dakika moja, na nafasi sikuipata.

Fundi ameenda na toleo lake. Nimeuchomoa ufunguo, nimeufunga kwenye kile kipande ulichokata, mafundo mawili kama yako. Nisamehe nimechelewa kukujulisha.

Ufunguo umefika, Mama.

Binti yako mkaidi,
Zuhura