Kijiko Kilichoniliza

Baba watoto na wanangu,

Chakula kiko kwenye sufuria kubwa, kipasheni moto. Nguo zikikauka mzianue. Feni ya chumbani asiiguse mtu!

Asubuhi nilimfokea baba yenu kwa sababu ya kijiko kilichobaki ndani ya sukari, nikajifungia bafuni kulia. Binti yangu, ukagonga: "Mama, tumekukosea nini?" Hamjanikosea kitu. Hedhi yangu inakoma, na imeamua kuondoka kwa vurugu: joto, usingizi kupaa, hasira, machozi yasiyo na sababu. Nilidhani nachanganyikiwa, nikanyamaza miezi mitano. Jana nesi wa zahanati akanicheka kwa upole: "Dada, huna wazimu. Njoo uongee na wenzako." Kumbe wana kikundi cha wanawake, na mshauri wa kuwasikiliza. Leo naenda.

Nitarudi ~~saa nane~~ saa kumi. Nina mengi ya kusema.

Baba watoto, jioni nitakusimulia yote. Usinipe ushauri, mume wangu, sikiliza tu. Ukizidiwa na usingizi, sinzia, ila uwe umenishika mkono.

Mama yenu (na mke wako, bado)