Frigo Haiuzwi

Mume wangu Asmani,

Amahoro ya Mungu yakufikie huko Uvira. Hapa Rumonge tuko wazima, alhamdulillahi.

Baba Asma, usiuze frigo! Bei mpya ya umeme nimeielewa! Fundi amenieleza: kila mwezi umeme wa kwanza iko rahisi, ukipita kiasi fulani bei inapanda. Nasi tulikuwa tunatumia mita moja na dada yako Mariam! Nyumba mbili, tulikuwa tunafika haraka kwenye bei kali.

Mariam alicheka: "Wifi, tumesingizia frigo bure!" Sasa amefungiwa mita yake mwenyewe.

Mununuzi uliyemutuma alikuja. Nilimupa maji ya baridi, akashukuru, akarudi mikono mitupu. Wachuuzi wa samaki wa Magara wanangoja barafu yangu.

Mola akulinde.

Mke wako,
Zaituni